Mgonjwa Mbishi wa Ndani ya Miwani

Waliponiaga kwenye chuo cha uuguzi walinipa sanduku la safari lenye magurudumu. Sijui walitaka niende wapi. Nyumba yangu iko kilima cha pili kutoka geti la chuo, na barabara yenyewe ni ya mawe, haikubali gurudumu lisilo na injini. Sanduku liko uvunguni, nimehifadhia mablanketi. Walimu vijana mliobaki mmeniomba kitu ninachokiweza zaidi ya kusafiri: niwaandikie nilivyofundisha lile somo ambalo kwenye ratiba linaitwa Mawasiliano na Mgonjwa, na ambalo wanafunzi huliita somo la kupiga stori. Vyeo sitavitaja. Nilivipata kwa kuchelewa na nikavivua kwa furaha.

Nilianza kazi wodi ya wanaume, nimevaa sare iliyotiwa wanga mpaka ingeweza kusimama bila mimi. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Elionora, Mlutheri wa huku huku milimani, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyomlazimisha kila mtu anyamaze ili amsikie. Wiki ya kwanza hakunifundisha sindano wala dripu. Alinionyesha kigoda kilichokuwa chini ya meza ya dawa.

"Mwanaidi," akasema, "ukiwa na neno zito, kaa kwanza. Mgonjwa amelala, wewe umemsimamia kama mgambo. Atakusikiaje?"

Nikaitika, "Ndiyo, Sista," na moyoni nikasema mama huyu amechoka, anatafuta pa kupumzisha miguu.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja akafariki mzee mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa kifua. Mke wake alikuwa nje kwenye benchi, amepakata chupa ya uji. Sista alikuwa na daktari, nami nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ukomavu. Nikatoka, nikasimama mbele ya yule mama, nikainamisha kichwa kama nilivyoona watu wakifanya misibani, nikasema kwa upole, "Mama, mzee amepumzika."

Akashika kifua. "Alhamdulillahi! Jana hakupata hata lepe la usingizi. Basi nitamsubiri aamke. Uji hautapoa, chupa hii ni nzuri."

Nilirudi ndani mbio, nikajifungia stoo ya mashuka. Sista Elionora akaja kunigongea.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema atamsubiri aamke."

Hakucheka mbele yangu. Mabega tu ndiyo yaliyomcheza. Kisha akanishika mkono, tukatoka, tukakaa kwenye benchi kila mmoja upande wake, yule mama katikati, akaniamuru niseme tena. Nikasema, "Mama, mume wako amefariki." Neno lile lilikuwa na makali, lakini lilifika. Alilia, tukakaa naye mpaka shemeji yake alipokuja. Tangu siku hiyo sijawahi kumpumzisha mtu aliyekufa, na nimewakataza wanafunzi wangu wote wasimpumzishe mtu.

Nilipohamia chuoni kufundisha, vifaa vya somo langu vilikuwa viti viwili na mimi mwenyewe. Mwanafunzi anakuwa nesi, mimi nakuwa mgonjwa. Nililia, niligombana, nilikataa dawa, siku moja nilizimia vizuri mpaka mlinzi akaitwa. Tatizo ni kwamba walinijua. Mwanafunzi hawezi kumwogopa mgonjwa ambaye saa nne atamkuta kwenye foleni ya maandazi. Walijifunza kunichekea, siyo kunisikiliza. Tulikuwa pia na sanamu la plastiki la kujifunzia kuosha na kugeuza mgonjwa. Lile lilikuwa na adabu kupita kiasi. Halikuwahi kumuuliza mtu, "Je, nitapona?"

Kwa hiyo msishangae nilivyofurahi, miaka michache kabla sijastaafu, wafadhili walipotuletea ile miwani. Kwenye barua waliiita miwani ya uhalisia pepe. Kwa macho yangu inafanana na kinyago cha fundi wa kuchomelea. Ukiivaa huoni tena darasa, unaona wodi pande zote, na mbele yako mgonjwa anaongea. Aliyekabidhiwa ni Elibariki, mwalimu kijana wa kompyuta, ambaye kwa wiki nzima aliibeba kama mtu aliyebeba mayai.

Mwalimu mkubwa ndiye huonyesha mfano. Nikavaa mbele ya darasa zima. Nikaona chumba kizuri, kitanda, mgonjwa, na kando ya kitanda kiti cha mbao. Nikakumbuka kazi yangu, nikasogea kwa heshima zote, nikakaa.

Kiti hakikuwepo.

Nilitua kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo, na sauti ya Elibariki ikatoka mbali, "Mwalimu, kile ni cha kuangalia tu!" Wanafunzi walitoka nje mmoja mmoja kwenda kuchekea uani. Nilikaa upande mmoja wiki mbili. Ndiyo sababu hadi leo kwenye chumba cha miwani kuna kigoda halisi. Kikiondolewa, najua nitaletewa umbea.

Mgonjwa aliyekuja na miwani alikuwa Mzungu, amelala chumba kizima peke yake, ua kwenye meza, hana ndugu hata mmoja. Wanafunzi waliuliza ana ugonjwa gani wa kuambukiza mpaka ametengwa namna ile. Alizungumza Kiswahili kilichowekwa juu ya midomo yake na mtu ambaye nadhani hakuwahi kuugua. Aliomba radhi kila baada ya sentensi, wakambatiza jina Mista Samahani. Akishasema, yalitokea majibu matatu hewani, mwanafunzi anachagua moja kwa kidole, na mashine inampa alama. Pembeni kulikuwa na saa inayozunguka. Ikimaliza mzunguko hujajibu, umekosa.

Upendo, msichana mwepesi wa ulimi kama redio, alipata alama za juu kabisa darasani. Tunu alikosa zote. Tunu alikuwa anatoka Rangwi, mtulivu, anakutazama kwanza, anafikiri, ndipo anajibu, na jibu lenyewe fupi. Saa ya mashine ilimwisha kila mara kabla hajanyanyua kidole. Mkuu wetu wa chuo, mtu mpenda karatasi zenye tarakimu, akatangaza kikaoni kwamba kwa alama zile Tunu asiende wodini, arudie mwaka.

Nitasema kweli, maana sasa hamna la kunifanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari langu, mbele ya jina la Tunu: "Afikirie kazi ya maabara." Sikumtetea kwa sababu nilimwona ana kipaji. Nilimtetea kwa sababu nilikuwa na hasira na Mista Samahani.

Kesho yake nikamwita mtunza bustani wa chuo, mzee wa watu ambaye hajawahi kuosha hata kidonda cha mbuzi. Nikamvalisha miwani. Nikamwambia, "Kila yakitokea maneno, gusa yale marefu kuliko mengine." Akagusa. Akawapita wote, hata Upendo. Nikachapisha karatasi ya alama zake, nikaingia nayo kikaoni.

"Mkuu," nikasema, "tumepata nesi bora kuliko wote. Ila tutakosa mtu wa kufyeka nyasi."

Mkuu akaitazama karatasi, akaiweka juu ya faili lake. Mwisho akasema, "Mwalimu Mwanaidi, una mpaka mwisho wa muhula. Niletee mgonjwa unayemtaka wewe."

Mgonjwa niliyemtaka nilikuwa namjua. Mzee Shechonge, jirani yangu, mkulima wa kabichi na karoti njia ya kwenda Irente, ndiye mtu mbishi kuliko wote niliowahi kukutana nao, na nimekutana na madaktari wengi. Shamba lake limesimama kama ukuta. Ukidondosha karoti juu, unaiokota kwa jirani. Alikuwa na kisukari, na kliniki alikwenda anapojisikia. Mke wake, Bi Mwajuma, alikuwa na maneno machache, na machache hayo yalitosha.

Nilimkuta anafunga kabichi kwenye viroba. Nikamweleza: tutamrekodi kwa kamera ya duara yenye macho mawili, ataigiza mgonjwa aliyeambiwa lazima akatwe mguu, na kazi yake itakuwa kukataa.

"Nani ataniandikia maneno?" akauliza.

"Hakuna. Utasema ya kwako."

"Basi nitakuja. Nikiandikiwa maneno siji."

Alikuja na koti lake la Idi, miguuni mabuti ya mvua. Tukamlaza kwenye kitanda cha chumba cha mazoezi. Nikamwambia avue mabuti, shuka ni jeupe. Akasema mabuti hayavuki. Nikamwambia mgonjwa halali na mabuti. Akasema, "Huyu mgonjwa wako ndivyo alivyo. Unamtaka au humtaki?" Elibariki akaniashiria tuendelee, jua lilikuwa linatuacha. Tukamfunika kwa blanketi.

Nimeona waigizaji wengi kwenye televisheni. Sijaona kama yule. Elibariki alikata video ile vipande saba, kila kimoja akakipa kitufe kwenye kishikwambi, ili mwalimu asikilize mwanafunzi anavyosema kisha abonyeze jibu linalomfaa, na darasa zima lisikie. Hakuna majibu matatu, hakuna saa. Kitufe cha kwanza kilikuwa cha yeyote atakayeingia bila shikamoo: mzee anakutazama juu mpaka chini na kuuliza, "Kwenu hamsalimiani?" Cha tatu: "Mguu huu umenipandisha mlima huu tangu sijaoa. Leo mtoto wa juzi unaniambia haufai?" Cha tano, kwa sauti iliyoshuka ghafla: "Na shamba atalima nani?" Cha saba hakikuwa na neno hata moja. Mzee aligeukia ukutani, akavuta blanketi, akanyamaza. Tulidhani amechoka, kumbe alikuwa anaigiza. Alinyamaza mpaka Elibariki akazima kamera.

Hicho cha saba, walimu wenzangu, ndicho kitufe nilichokipenda kuliko vyote, na nakiri nilikitumia vibaya.

Upendo ndiye aliyeingia wa kwanza, akijiamini. Akasalimia vizuri. Akaeleza ugonjwa, upasuaji, faida zake, yote kwa mpangilio wa kitabu. Nikabonyeza cha tatu. Akasema kwa sauti laini, "Mzee, ninaelewa kabisa unavyojisikia." Nikabonyeza cha saba.

Aliongea na kisogo cha Mzee Shechonge kwa muda ambao mtu angeweza kumenya sufuria ya viazi. Alikieleza kisogo kile kuhusu lishe bora. Alikiuliza kama kina swali. Mwisho akavua miwani, machozi yanamlenga. "Mwalimu, huyu mzee hatendi haki! Nimesema kila kitu!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Umesema kila kitu."

Tunu aliingia siku hiyo hiyo. Akasalimia, akapapasa kigoda, akakaa. Akamwambia mzee kwa sentensi mbili kwamba mguu umeoza na daktari anashauri ukatwe. Mimi na mkono wangu mwovu tukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha saba. Mzee akageukia ukuta. Tunu hakusema kitu. Tukasubiri. Wanafunzi wakaanza kukohoa. Tunu bado kimya, mikono magotini, kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akauliza polepole, "Mzee, kabichi zako umezifikisha wapi?"

Hatukuwa na kitufe cha kabichi. Elibariki alinitazama, nami nikamtazama Elibariki. Nikabonyeza cha tano kwa kubahatisha, na mzee akageuka na kuuliza, "Na shamba atalima nani?"

Darasa zima likashusha pumzi. Wakafikiri mashine imemsikia. Mimi sikuwaambia haikumsikia. Nilifungua daftari langu, nikafuta neno maabara kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mkuu alikuja kujionea, akavaa, akasahau kusalimia, akaulizwa kama kwao hawasalimiani. Alipovua, alisema Tunu aende wodini pamoja na wenzake.

Habari zikafika sokoni kwamba Mzee Shechonge yuko ndani ya mashine chuoni na anawaliza manesi. Jumatatu iliyofuata akapanda mwenyewe, koti lile lile, mabuti yale yale, Bi Mwajuma nyuma yake.

"Nimekuja kumwona huyo mtu," akasema.

Nikamvalisha miwani, nikamkalisha, nikamweleza kwamba humo ndani yeye ndiye nesi. Elibariki akashika kishikwambi. Mzee Shechonge alipojiona mwenyewe amelala kitandani, alicheka. "Koti limenikaa vizuri," akasema. Akakohoa kinesi. "Haya, mgosi, mzee mwenzangu. Daktari amesema mguu huo ukatwe, usije ukafa."

Yule wa kitandani akamjibu kuhusu mguu uliopanda mlima.

"Najua umepanda mlima," akasema Mzee Shechonge. "Sasa umeoza."

"Na shamba atalima nani?"

"Utalima wewe ukiwa kaburini? Sikiliza unapoambiwa!"

Elibariki akarudia kitufe cha tatu, kwa utundu tu. Mzee akapandwa na hasira za kweli, akanyanyuka nusu kwenye kigoda. "Lo! Mzee huyu mbishi! Haambiliki! Mwalimu, huyu mnamvumiliaje?"

Bi Mwajuma alikuwa ameegemea mlango, kanga mdomoni. "Umeshamjua sasa?" akasema. "Mimi ninaye tangu niolewe."

Ndipo Elibariki akabonyeza cha saba. Sikuwa nimemwagiza. Mzee Shechonge alitulia. Sisi tuliona tu mzee aliyevaa kinyago cheusi akitazama ukuta wa darasa, lakini tulijua anatazama nini. Kisha akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo, amgeukie, wazungumze. Yule mwingine hakugeuka.

Akavua miwani akaipakata. Hakututazama. Akainama, akashika buti la kushoto, akalivuta. Halikutoka kirahisi. Lilipotoka, harufu ilitufikia kabla ya macho. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na kidonda kimepanda juu ya kisigino, kimefungwa kwa majani na kitambaa cha kanga.

"Mabuti hayavuki," nikasikia sauti yangu ikisema. Mimi, nesi wa miaka yote ile, nilikuwa nimemfunika blanketi juu ya kidonda kile na kumsifu kwa uigizaji.

Bi Mwajuma alikitazama kile kitambaa. "Kumbe kanga yangu iko huku," akasema, akakaa chini kabisa sakafuni.

Tulimfikisha hospitali mchana ule ule. Daktari akapima, akasema mguu ukatwe chini ya goti, na usicheleweshwe. Mkidhani miwani ilikuwa imembadilisha mzee, hamjawaelewa wabishi. Alikataa. Nikamkumbusha alivyomgombeza yule mwenzake wa kitandani. Akanijibu, "Yule alikuwa anakataa kwa sababu ya kamera. Mimi nina sababu zangu." Daktari akajaribu, sista wa wodi akajaribu, sheikh akaja akajaribu. Siku mbili zikapita na homa ikapanda. Kila aliyekwenda alirudi na kipande kile kile nilichokuwa nacho kwenye kishikwambi.

Siku ya tatu Tunu alikuwa zamu ya mazoezi pale wodini. Sista wa wodi alimruhusu akae naye, na mzee akaniruhusu na mimi nibaki karibu na pazia, kwa sharti nisiseme neno. Hiyo kwangu ni adhabu kubwa, lakini nilikubali.

Tunu akamwamkia, akakaa. Mzee hakumngoja. "Mguu huu umenipandisha mlima huu tangu sijaoa..."

"Hiyo nimeshaisikia, mzee," akasema Tunu. "Ni ya tatu kwenye kishikwambi." Kufikia hapo wanafunzi walishajua siri ya vitufe.

Mzee akavuta blanketi. Baadaye kidogo akajaribu tena. "Na shamba..."

"Hiyo ya tano."

Nilifumba macho. Nikasema sasa ataangusha kitanda. Nilipofumbua, badala yake niliona ncha za masharubu yake zikitikisika. Alikuwa anajizuia kucheka. Akageukia ukutani, na Tunu akamwacha. Muuguzi akapita na toroli la dawa, akarudi nalo. Tunu alikuwa hapo hapo.

"Mzee," akasema hatimaye, "niambie ile ambayo haimo kwenye miwani."

Mimi pale penye pazia nilikuwa na sentensi saba nzuri, zote nimezimeza.

"Naogopa chooni," Mzee Shechonge aliuambia ukuta. "Choo chetu kiko chini bondeni. Nitabebwa. Mwajuma atanibeba kama mtoto. Tangu nimuoe namwambia mimi ndiye ninayembeba yeye."

Tunu hakusema anaelewa. Hakusema itakuwa sawa. Alifikiri, kwa ule mwendo wake, akasema, "Sijui itakuwaje, mzee. Tumwite mama tumuulize?"

Bi Mwajuma aliitwa. Tunu akamwomba mzee ayarudie maneno mwenyewe, naye akayarudia, macho juu darini. Bi Mwajuma akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani alinibeba mimi?" akauliza. "Kabichi zako zinapanda kutoka bondeni kwenye kichwa cha nani? Kiroba kimoja kinakuzidi uzito. Choo tutakichimba juu, karibu na mlango. Kuna lingine?"

Lilikuwepo. Mzee alitaka kujua mguu wenyewe ungekwenda wapi. Hakutaka kipande chake kitupwe kama taka. Tunu hakujua jibu, akasema hajui, akaandika kwenye karatasi, akaenda kumuuliza daktari, akarudi: familia itakabidhiwa, wakaufukie wenyewe. Sisi wakubwa wote tuliopita pale hakuna aliyekuwa ameuliza. Mzee akaomba kalamu, akatia sahihi.

Upasuaji ulikwenda salama. Mguu waliuzika wanawe pembeni ya shamba, chini ya mti wa plamu, umefungwa sanda ndogo. Aliporuhusiwa, alipita pale kwa magongo kuuona mahali ulipo. Majirani walisimama wasijue kama watoe pole au hongera. Akawatoa wasiwasi: "Wenzangu mnatanguliza sala. Mimi nimetanguliza na mguu."

Haikupita miezi mingi akatokea tena chuoni, magongo mawili, hasira ile ile ya zamani. Alikuwa amesikia bado tunatumia video yake. "Yule mzee ana miguu miwili," akasema, "tena hakubali mpaka mwisho wa dunia. Mnawafundisha watoto uongo. Nirekodini nikikubali."

Tukampanga kitandani, Elibariki akawasha kamera. "Haya, mzee, sema umekubali."

"Siwezi kusema nimekubali kabla sijaulizwa vizuri."

Elibariki akamuuliza. Akakataa. Nikamuuliza mimi, kwa uzoefu wangu wote. Akakataa. Ikabidi tumpigie simu Tunu, ambaye wakati huo alikuwa bado kwenye mazoezi wodini, aje baada ya zamu. Akaja na sare yake, akamwamkia, akamuuliza, kisha akanyamaza. Kamera ikaendelea kurekodi. Nje wanafunzi walikuwa wanacheza netiboli, filimbi inasikika. Mzee Shechonge alimtazama, akasema, "Haya."

Neno moja tu. Ndicho kitufe cha nane. Wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajawahi kukiona, na tumekubaliana hakuna mwalimu wa kuwaambia njia ya kukifikia. Upendo alikifikia mwaka wake wa mwisho, na leo akiwa na mgonjwa mgumu wenzake wanamwita yeye.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliomba na mimi nijaribu. Nilivaa miwani, nikapapasa kigoda kwa makini, nikakaa, Elibariki akashika kishikwambi. Nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili mzee aligeukia ukuta na kubaki huko.

Nikavua miwani, nikamuuliza Elibariki kwa nini ananinyima cha nane, mimi niliyekuwepo pale kikirekodiwa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, maana kijana wetu ana adabu. "Umeongea mno."